Siku moja maishani mwangu: kutoka PET hadi waya wa presha

Saa 1 asubuhi. Mgonjwa wa PET, skana inayopima damu inayofika kwenye msuli wa moyo, anaulizwa kwanza kuhusu kahawa, chai, kola na chokoleti tangu jana. Kafeini huishika milango ya adenosini, dawa tunayotumia kutanua mishipa ya moyo, mishipa ikashindwa kutanuka. Mwenye moyo mzima ataandikiwa ugonjwa. Aliyekunywa anapangiwa siku nyingine, hata akilalamika.

Saa 2. Skana huanza kurekodi kabla rubidi-82, kifuatiliaji chenye mionzi, haijaingia mshipani, maana kilele chake ndani ya moyo ndicho msingi wa hesabu ya mililita kwa gramu ya msuli kwa dakika. Picha ya mapumziko, kisha ya adenosini: mikrogramu 140 kwa kilo kwa dakika. Halafu natazama kama CT, picha ya eksirei ya kifua, imelala sawasawa na PET. Zikipishana, ukuta wa kando wa moyo huangukia kwenye pafu, ukaonekana umekosa damu.

Saa 4. Maabara ya katheta, mrija mwembamba unaofikishwa kwenye ateri za moyo. Kihisi cha presha cha waya wa inchi 0.014 kinasimama mdomoni mwa ateri, sindano ya kupitishia waya inatolewa, ndipo presha mbili, ya waya na ya katheta, zinasawazishwa. Nitrogliserini ya kulegeza ateri, waya unavuka palipobana, adenosini, nasoma FFR: presha ya baada ya palipobana ikigawanywa kwa ile ya aota, mshipa mkuu utokao moyoni. Ikiwa 0.80 au chini, mbano huo unanyima moyo damu. Katheta ikijibana mdomoni, presha ya aota hushuka kwa uongo na FFR hupanda. Mwishoni waya unarudishwa mdomoni. Uwiano wa presha mbili ukitofautiana na 1 kwa zaidi ya 0.03, tunarudia. Presha ya aota ikiwa 80, kosa la milimita 3 tu za zebaki hugeuza 0.82 kuwa 0.78, na mtu akawekewa stenti, kijibomba cha kupanua ateri, asiyoihitaji.

Saa 6 mchana. Sasa waya unapima muda ambao damu inachukua kupita kwenye ateri. Mililita 3 za maji ya chumvi yenye joto la chumbani, zikisukumwa haraka: mara tatu mapumzikoni, mara tatu chini ya adenosini. Hapa mkono wa msukumaji ndio tatizo. Akisita, muda unarefuka. Lakini hatua hii ndiyo inayofanana na PET, kwani zote zinapima akiba ya mtiririko, yaani damu huongezeka mara ngapi kutoka mapumziko hadi adenosini.

Saa 9 alasiri. Kulinganisha. Tuseme PET imetoa akiba 1.6, FFR 0.88. Wengi hukimbilia kusema kipimo kimoja kimekosea. Lakini FFR hupima presha iliyopotea kwenye ateri kubwa. PET huijumlisha pamoja na mishipa midogo ambayo waya hauifikii. Kwanza natazama presha na mapigo ya mapumziko, kwani yakiwa juu, mtiririko wa mapumziko huwa mkubwa na akiba hushuka. Yakiwa sawa, na kielezo cha ukinzani wa mishipa midogo, kinachopatikana kwa waya uleule, kikizidi 25, stenti haitamwondolea maumivu. Matibabu yaelekee kwenye mishipa midogo.