Rahman wa Zamani Tunayemdai

Kila A. R. Rahman, mtunzi wa muziki wa filamu wa India, anapotoa albamu mpya ya filamu, malalamiko huanza hata kabla nyimbo hazijasikilizwa mara ya pili: arudi yule wa miaka ya tisini. Mimi ni shabiki wake wa muda mrefu, na nyimbo za filamu yake ya kwanza, Roja ya mwaka 1992, nimezihifadhi ingawa Kitamil, lugha ya kusini mwa India, sikijui, kwa hiyo kiu hiyo naielewa vizuri. Ninachokipinga ni dai lililojificha ndani yake, kwamba mtunzi ana deni la kubaki pale pale tulipompendea.

Huyo wa zamani mwenyewe alikuwa nani? Kabla ya Roja, muziki wa filamu za Kitamil ulitawaliwa na Ilaiyaraaja, fundi wa kuandika nota za okestra nzima na kuirekodi ikipiga kwa pamoja studioni. Rahman aliwahi kumpigia kinanda alipokuwa bado kijana. Alipopewa kazi na mwongozaji Mani Ratnam, baada ya kukaa miaka akitunga muziki wa matangazo ya biashara, alishika njia nyingine kabisa. Katika studio yake ya nyumbani, Chennai, aliwarekodi waimbaji na wapigaji mmoja mmoja, mara nyingi usiku, kisha akaviunganisha vipande hivyo kwa kompyuta, hata filimbi moja au besi ikapata nafasi ya kusikika yenyewe bila kumezwa na safu ya fidla. Wapo waliozoea mtindo uliotangulia ambao waliuona muziki huo kuwa wa mashine tu. Leo sauti ile ile ndiyo inayotajwa kama mfano wa enzi ambayo muziki ulikuwa na roho, jambo ambalo, nasema kweli, hunichekesha.

Tena hatukubaliani Rahman wa zamani ni yupi. Kwa wasikilizaji wa Kitamil anaanza mwaka 1992. Kwa wengi wanaosikiliza nyimbo za lugha ya Kihindi anaanza na filamu za Rangeela ya 1995 au Dil Se ya 1998. Na wapo ambao hawakumjua hadi Slumdog Millionaire ilipompatia tuzo mbili za Oscar mwaka 2009. Mwaka 2017, katika onyesho lake la Wembley, London, baadhi ya wasikilizaji waliotarajia nyimbo za Kihindi waliondoka ukumbini wakilalamika kwamba za Kitamil zimezidi. Hata mtunzi angekubali kurudi nyuma, angerudi kwa nani?

Yapo pia mambo ambayo hayakuwa mikononi mwake. H. Sridhar, fundi mitambo aliyechanganya sauti za albamu zake nyingi tangu mwanzo, alifariki Desemba 2008, na sehemu ya kile tunachokiita sauti ya Rahman wa zamani ilikuwa kazi ya masikio ya mtu huyo. Filamu nazo zimebadilika. Zamani mhusika alisimama akaimba wimbo mzima, kibwagizo na beti zake zote, nasi tukapata muda wa kuyazoea mahadhi. Siku hizi wimbo mara nyingi hupita nyuma ya picha kwa dakika moja au mbili, na mtunzi hulazimika kuufanya uwe hali ya hewa ya tukio badala ya kuwa tukio lenyewe.

Lakini pale alipopewa nafasi, tazama alichokifanya. Wimbo wa kawali, yaani wimbo wa ibada wa Kisufi, katika filamu ya Rockstar ya mwaka 2011, ule unaoimbwa kwenye dargah, yaani ziara ya kaburi la walii, ya Nizamuddin huko Delhi, unakaribia dakika 8, na unaanza kwa hamoniamu na sauti za wanaume zinazopanda bila haraka yoyote. Sauti ya Rahman mwenyewe imo, nayo haitafuti kujitokeza. Sidhani kwamba kijana wa 1992, aliyekuwa na hamu ya kutuonyesha kifaa kipya katika kila ubeti, angeweza kuuacha wimbo utulie namna ile.

Hayo yote hayana maana kwamba kila kilichobadilika kimekua. Zipo albamu zake za miaka ya karibuni ambazo naona zimetungwa kwa haraka, zenye mahadhi yasiyoelekea popote na kwaya iliyowekwa kuziba pengo, na mtetezi anayejibu kwamba hatujazielewa anamkosea adabu msikilizaji. Aliyechoshwa na wimbo na aseme ni wapi unapochosha, kwani kuulinganisha na Roja hakumwambii mtunzi chochote anachoweza kukifanyia kazi. Mani Ratnam, kwa upande wake, hajawahi kumwacha tangu filamu ile ya kwanza, na katika kazi zao za pamoja ninayoirudia zaidi sasa ni O Kadhal Kanmani ya mwaka 2015, ingawa hata humo zimo nyimbo mbili ambazo huziruka kila mara.