Alikuwa Analijua Jina Lake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii maombi yangu yamekuwa mazito. Kila nikipiga magoti narudishwa palepale, kwenye kibaraza cha kanisa letu, kwa kaka mmoja anayelala pale usiku. Kwa hiyo nawaandikia hilo hilo, maana sina lingine moyoni.

Ana zaidi ya mwaka pale. Huja giza likishaingia, akatandika maboksi yake upande wa kushoto wa mlango, upepo usikofika, na kabla waombaji wa alfajiri hawajafika ameshakunja kila kitu na kuondoka. Sijawahi kukuta ameacha hata karatasi. Haya yote niliyajua. Nilijua mpaka rangi ya blanketi lake. Mara kadhaa nilimpa hela, lakini nilimpa huku natembea, macho yakiwa mbele, kama mtu anayelipa ushuru ili aruhusiwe kupita.

Mwezi uliopita kwenye kikao cha kamati ilitolewa hoja kwamba tuweke geti la chuma pale kibarazani, liwe linafungwa usiku. Sababu zilizotajwa zilikuwa usafi, usalama, na wageni watatuonaje. Yule kaka hakutajwa na mtu, ingawa sote tulijua ni nani anayefungiwa nje. Ulipofika wakati wa kuunga mkono, nami nikanyanyua mkono wangu, mkono huu huu ninaounyanyua nikimsifu Mungu.

Sasa Jumanne usomaji wangu ukaangukia Luka 16, tajiri na Lazaro. Hadithi hii tumeijua tangu shule ya Jumapili. Tumefundishwa, nami nimeifundisha hivyo, kwamba kosa la tajiri ni kutomwona maskini aliyelala mlangoni pake. Nilipofika mstari wa 24 nikakwama. Tajiri yuko kuzimu, anateseka, anapaza sauti: "Ee baba Ibrahimu, nihurumie, umtume Lazaro." Nikasoma tena. Lazaro! Kumbe alikuwa analijua jina lake. Siku zote zile za kula na kusherehekea alijua kabisa anayelala getini ni nani, na alipomwona kifuani mwa Ibrahimu hakuhitaji kuuliza. Na hata kule motoni hamwambii Lazaro neno lolote. Anazungumza na Ibrahimu, akitaka Lazaro atumwe kama kijana wa kazi, kwanza alete maji, halafu aende kwa ndugu zake watano.

Nililia, wapendwa. Kwa sababu nimejitetea miaka mingi kwamba sijui shida za watu. Najua. Tunajua. Tumezoea tu, na mazoea yametia sugu mahali pa huruma.

Jumatano jioni nikachukua koti langu la zamani nikaenda. Njiani nilikumbuka kwamba hata Bwana, alipoitwa na Bartimayo kipofu kando ya njia, pamoja na kwamba kila mtu aliona tatizo la yule mtu, alimuuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Basi nikaketi pale chini, nikamsalimia, nikamuuliza: "Kaka, unahitaji nini zaidi?"

Akafikiri kidogo. Akasema, soksi.

Koti analo. Ila viatu vikilowa hana pa kuvianika, analala navyo hivyo hivyo ili visiibiwe, ngozi ya miguu inalainika, inachubuka, inakuwa vidonda, halafu kesho yake anatakiwa atembee tena kutwa nzima. Jingine ni mahali pa kuchajia simu, maana kibarua anaitiwa kwa simu, na wakiikuta imezimwa wanamwita mwingine. La tatu alilisema akiwa ameinamisha kichwa: choo. Vyoo vyetu vya kanisa tunavifunga ibada ikiisha.

Soksi, chaji, ufunguo wa choo. Kanisa letu lina mfuko wa huruma, lina kamati, na kila mwaka tunafunga na kuwaombea wahitaji. Mambo hayo matatu hakuna aliyekuwa anayajua kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kisha akaniuliza yeye: "Mama anaendeleaje? Nawasikia mkimwombea. Na mimi huku nje nimekuwa namwombea."

Sikuweza kujibu mara moja. Ibada zetu anazisikilizia ukutani. Anamjua mama yangu kuwa anaumwa, ananitambua kwa sauti, ametubebea mizigo yetu kwa Mungu zaidi ya mwaka, na mimi nilikuwa nimepiga kura afungiwe nje. Ndipo nikamuuliza jina lake, na akanitajia.

Mpendwa unayesoma, nakuomba usisubiri uwe na nyumba ya kumpa mtu. Martin wa Tours, askari wa Kirumi aliyekuja kuwa askofu, kabla hata hajabatizwa alikutana na maskini anatetemeka kwa baridi kwenye lango la mji wa Amiens, akakata joho lake katikati, akampa nusu. Hakungoja awe na la pili. Wewe una nusu gani? Soksi nene mbili. Dakika kumi za kuketi. Mfuko usiopitisha maji wa kutunzia vitambulisho, kwa sababu mvua ikiharibu karatasi hizo mtu anabaki hana hata cha kuthibitisha yeye ni nani. Na kama huna chochote mkononi, msalimie na umwangalie usoni. Petro na Yohana pale mlango uitwao Mzuri walianza kwa kumkazia macho yule kiwete, ndipo Petro akasema hana fedha wala dhahabu. Kama unaogopa kwenda peke yako usiku, nendeni wawili. Bwana mwenyewe aliwatuma wanafunzi wawili wawili.

Najua swali linalokuja: vipi akitumia hela kununua pombe? Mpe soksi. Lakini pia tujiulize ni lini Mungu alisubiri tutengemae ndipo atuangazie jua lake.

Na hapa niseme kwa upendo, ingawa litauma. Tuache kupiga picha. Tunampa mtu blanketi, tunamsimamisha katikati yetu kalishika, sisi tunatabasamu, yeye anatazama chini, na kesho picha iko kwenye simu za watu mia. Je, wewe ungekubali kupigwa picha siku uliyokosa mahali pa kulala? Bwana alisema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume, na sisi tunataka ujue mtaa mzima. Huyo ni mtoto wa mtu. Pengine ana mama anayemtafuta, na hakutaka amwone katika hali ile.

Tusome tena Torati pia. Ukichukua vazi la maskini kuwa rehani, imeandikwa katika Kutoka 22, umrudishie kabla jua halijachwa, kwa maana ndilo analojifunikia. Mungu anafuatilia mtu huyu atalala na nini usiku huu! Anasema akinililia nitamsikia. Nilipousoma mstari huo nililiwaza lile geti, na nikaogopa kilio kitakachotoka nje yake.

Nimemwandikia mwenyekiti kwamba ninaiondoa kura yangu na ninaomba hoja irudishwe mezani. Amekubali, tunakaa Jumamosi. Nitaomba pia suala la ufunguo wa choo lijadiliwe, na nimejitolea kuwa msimamizi wake. Sijui watasemaje. Mniombee nisiongee kwa hasira, kwa kuwa wale wajumbe ni ndugu zangu, na mwezi uliopita nilikuwa mmoja wao.

Jina la yule kaka siliandiki hapa, kwani sikumwomba ruhusa. Ila mama nimemwambia. Amelala kitandani hawezi hata kukaa vizuri, lakini tangu Alhamisi anamtaja asubuhi na jioni, na jana aliniuliza kama soksi zimemtosha.