Machozi ya Fiji

Jana usiku nilitazama tena fainali ya raga ya wachezaji saba, Rio 2016. Fiji 43, Uingereza 7. Jamani, nililia tena!

Nchi ya visiwa isiyofikisha watu milioni moja, na ile ndiyo medali yao ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Pasi zao zile, mtu anaanguka huku mpira tayari uko mikononi mwa mwenzake. Halafu wakapiga magoti mmoja mmoja kupokea dhahabu. Adabu iliyoje!

Sisi Wakenya tuliwafunga 30-7 Singapore mwezi Aprili mwaka huohuo, na bado nawapenda. Mwaka 2017 nchi yao ikatoa noti ya dola 7 kwa heshima yao. Natamani kuishika siku moja.