Dirisha la kale kwenye nchi ya baridi: ziba upepo kwanza

Ukihamia nyumba ya kale inayolindwa kisheria, utaambiwa madirisha hayaguswi. Si hivyo hasa. Kinachohitaji kibali kwa kawaida ni kung'oa fremu au kubadili vioo. Kitu kinachowekwa kwa ndani na kutoka bila kuacha alama mara nyingi hakina tatizo, ila uliza mamlaka husika kwanza, na mpangaji apate ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi.

Usianze na kioo, anza na upepo. Siku ya upepo mkali funga kila kitu, washa kijiti cha udi, ukipitishe polepole kuzunguka dirisha. Moshi ukiyumba, weka alama ya penseli. Ili kujua upana wa mwanya, funga donge la udongo wa kuchezea watoto ndani ya nailoni, libane kwa dirisha, kisha pima unene uliobaki. Kwa dirisha la bawaba, nunua mpira wenye uwazi katikati, unaozidi mwanya kwa milimita 1 hadi 2. Ukizidisha, kitasa hakifungi na bawaba zinavutwa hadi skrubu zilegee. Sponji ya kubandika ni rahisi, lakini hulala ikabaki bapa baada ya msimu mmoja au miwili. Dirisha la kupandisha na kushusha linataka utepe wa brashi, kwa sababu mpira hung'ang'ania mbao. Na povu la kujaza nyufa lisikaribie kabisa kisanduku cha pembeni chenye vyuma vya uzito: likikauka humo, dirisha halipandi tena.

Puti, ile lahamu inayoshika kioo kwenye fremu, ikipasuka nayo hupitisha maji na upepo. Toa iliyolegea tu. Ukilazimisha iliyoshika, utavunja kioo cha kale chenye mawimbi ambacho ndicho thamani yenyewe. Mbao zilizo wazi zipakwe rangi ya kwanza, la sivyo zitanyonya mafuta na puti mpya itapasuka. Puti ya mafuta ya kitani iache wiki 1 hadi 2 ifanye ngozi, ndipo upake rangi, ukiingia juu ya kioo kwa milimita 2 ili maji yasipite. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu: msasa uwe wa maji, vaa barakoa ya vumbi laini, watoto wakae mbali.

Ukitaka zaidi ya hapo, kuna kioo cha pili kwa ndani, na hapa ndipo joto linapookolewa kwelikweli. Kikifungwa vizuri hupunguza upotevu kupitia dirisha kwa zaidi ya nusu. Kwa bei nafuu, karatasi ya akriliki ya milimita 3 au 4 inashikwa kwa utepe wa sumaku. Acha nafasi ya milimita 16 hadi 20 kati yake na kioo cha kale. Kwa kelele za barabarani hiyo haitoshi, inatakiwa milimita 100 au zaidi. Akriliki hutanuka kwenye joto, hivyo ikate fupi kwa milimita 2 au 3 kwa kila mita, vinginevyo itajikunja na kubanduka kwenye sumaku. Ifutwe kwa maji ya sabuni na kitambaa laini. Spiriti huweza kuitia nyufa.

Kosa linaloharibu fremu nyingi ni kuziba dirisha la nje, yaani lile la kale, kwa nguvu ileile. Cha ndani kibane kabisa, cha nje kipumue kidogo. Hewa yenye unyevu ya chumbani ikipenya katikati ikakosa njia ya kutoka, kioo cha nje hutoa jasho, maji hukaa kwenye mbao za chini, na kuoza huanzia hapo. Kwa hiyo ukipanga kuweka kioo cha pili, dirisha la nje litengeneze tu lisivuje mvua, mpira na brashi uziache.

Chumba chenye jiko la gesi au moto wa kuni kisizibwe matundu yake ya hewa hata kidogo. Gesi ya sumu inayotoka humo, kaboni monoksidi, haina harufu.