Iowa haikupeleka bunduki peke yake

Mwaka 1860 Iowa nzima haikufikisha watu 700,000, na ilikuwa na miaka 14 tu tangu iwe jimbo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka uliofuata, ikatoa wanaume wapatao 76,000 kwenda kupigana upande wa serikali ya Rais Lincoln, dhidi ya majimbo ya kusini yaliyojitenga. Mashamba yakaachwa mikononi mwa wanawake, watoto na wazee.

Gavana wa wakati huo, Samuel Kirkwood, alikuwa mkulima na mwenye kinu cha kusaga nafaka. Alipotakiwa atoe kikosi cha kwanza alitia shaka kama watu watapatikana. Wakajitokeza wengi kuliko nafasi. Kilichokosekana ni vifaa, kwa sababu hazina ya jimbo ilikuwa kavu; Kirkwood na wenzake wakaweka mali zao dhamana ili askari wapate kuondoka. Akina mama wakashona sare, kila mji na kitambaa chake, na hicho kikosi cha kwanza kikaenda vitani na nguo zisizofanana.

Mimi nafanya kazi jikoni, hospitalini, hapa Des Moines, mji mkuu wa Iowa. Kila trei inayopita mbele yangu ina kadi: huyu ana kisukari, huyu asipewe chumvi, yule meno hana, chakula chake kisagwe. Kwa hiyo niliposoma habari za vita hivi, hesabu za vifo ndizo zilizonishika. Iowa ilipoteza askari kama 13,000, na takribani theluthi mbili yao hawakuguswa na risasi. Walikufa kwa kuhara damu, homa ya matumbo, surua, nimonia. Vijana wa shamba waliokulia mbalimbali, wamerundikwa pamoja kambini, maji machafu, na chakula kilekile kila siku: nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, mkate mgumu, kahawa nyeusi.

Hapo ndipo anapoingia Annie Wittenmyer, mjane wa mji wa Keokuk, kule kwenye pembe ya kusini-mashariki ambako mto Des Moines unaingia Mississippi. Keokuk ilikuwa mlango wa jimbo. Askari walipandia meli za mvuke pale kwenda kusini, na majeruhi wakarudishwa na meli hizohizo. Baada ya mapigano ya Shiloh, kule Tennessee, Aprili 1862, walikuja wengi mno. Vikosi kumi na kimoja vya Iowa vilikuwa kwenye moto ule. Hoteli kubwa ya mji, Estes House, ikawa hospitali.

Wittenmyer na wanawake wenzake walikusanya masanduku kutoka vijijini: vitunguu, viazi, matunda yaliyokaushwa, kabichi ya siki, mashati, bandeji. Msidharau vitunguu na viazi. Kiseyeye kilikuwa kinawatoa watu damu kwenye fizi, na dawa yake ilikuwa kwenye bustani za wake zao. Reli ilikuwa bado haijafika Des Moines, ilifika 1866, kwa hiyo mzigo wa kutoka huku ndani ulikwenda kwa mikokoteni hadi ulipokutana na reli au mto. Vingi viliozea njiani, vingine vikaishia kwa wasiostahili. Halafu wakubwa wa jimbo wakaunda tume yao ya wanaume kufanya kazi ambayo wanawake walikuwa tayari wanaifanya, na nguvu nyingi zikapotea katika kuvutana mpaka walipoungana. Hilo linaniudhi hadi leo, maana huku wanavutana, huko wagonjwa wanasubiri.

Siku moja Wittenmyer aliingia wodini wakati wa kifungua kinywa akamkuta mdogo wake mwenyewe kitandani, ana homa ya matumbo na anahara damu. Alichoandaliwa ni kipande cha nyama ya nguruwe kinachoelea kwenye mafuta, mkate, na kahawa nyeusi. Mtu anayehara damu! Nikisoma hapo nasikia hasira, kwa sababu najua tumbo la mgonjwa wa namna hiyo likipata mafuta yale linafanya nini.

Mwaka 1864 akaanzisha majiko maalumu ndani ya hospitali za jeshi. Daktari anaandika mgonjwa wa kitanda fulani apewe nini, jiko linampikia yeye: supu ya kuku, uji, maziwa, mkate uliookwa, chai. Wanawake wawili wanasimamia, wengine wanapika. Hadi vita vinakwisha majiko hayo yalikuwa yamepita 100. Kadi ninazozisoma kila asubuhi zinafuata utaratibu uleule.

Sitaki kumaliza bila kutaja kikosi cha watu weusi kilichoundwa Keokuk mwaka 1863, baadaye kikaitwa Kikosi cha 60. Sensa ya 1860 ilikuta watu weusi 1,069 tu Iowa nzima, wanawake na watoto wakiwemo, lakini kikosi kilipita watu 1,000, wengi wakiwa waliovuka kutoka jimbo jirani la Missouri wakikimbia utumwa. Mwandikishaji wao mkuu alikuwa Alexander Clark, kinyozi na mfanyabiashara wa Muscatine. Kwa muda mrefu mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa wazungu. Wakakaa sana Helena, Arkansas, kwenye majimaji na mbu. Waliouawa vitani walikuwa kumi na kitu. Waliokufa kwa maradhi walizidi 300.

Waliosalia hawakurudi kimya. Oktoba 1865 walikutana Davenport, Clark akiwa kiongozi wao, wakadai haki ya kupiga kura: tuliaminika kushika bunduki, tuaminiwe na kura. Mwaka 1868 wapiga kura wa Iowa, wote wanaume weupe, wakakubali kufuta sharti la rangi, miaka miwili kabla ya katiba ya nchi nzima kufika hapo. Mwaka huohuo Clark alishinda kesi, na binti yake Susan akaruhusiwa kusoma shule moja na watoto wa kizungu. Mwishoni mwa maisha yake akatumwa Liberia kuwa balozi wa Marekani, na alifia huko mwaka 1891.

Nyumba yake bado imesimama Muscatine, mwendo wa saa mbili na ushei kwa gari kutoka hapa. Wakongo, Warundi, Watanzania wenzangu mnaosomesha watoto Iowa, siku mkipata nafasi wapitisheni hapo.