Sambusa za milioni tatu

Mteja wa kwanza kuujaribu ukurasa wangu wa mtandaoni wa kupokea oda aliambiwa alipe shilingi 3000500. Alichoagiza ni sambusa sita, shilingi 500 moja, na nauli ya bodaboda mpaka Chumbageni, 500 nyingine. Alimpigia mama mdogo simu huku akicheka hadi maneno hayatoki. Mama mdogo hakucheka. "We mwanangu, wataka watu waseme nimeingiwa na tamaa gani?"

Mama mdogo anapika vitafunio vya oda nyumbani kwake Ngamiani, hapa Tanga. Oda zote zilikuwa zinakuja WhatsApp, na kila oda ina maswali yake: bei gani, mnaleta mpaka wapi, mwisho wa kuagiza saa ngapi. Ukurasa nilikuwa nimeshamtengenezea, HTML tupu, ile lugha ya kupanga maandishi na picha mtandaoni: picha na bei. Bango la ukutani, basi. Mtu anausoma, halafu anarudi WhatsApp kuuliza yale yale. Nikataka ukurasa wenyewe upige hesabu na kujibu.

JavaScript, lugha ya programu inayoupa ukurasa uwezo wa kutenda, nilijifunza usiku, bando linapokuwa rahisi. Siku tatu za mwanzo ziliishia kwenye kitufe kisichofanya kitu. Kwanza, kwenye amri ya kukitafuta kitufe, nilikuwa nimeandika getElementByID, na mwisho wake unatakiwa uwe Id, d ndogo. Lugha hii haisamehi herufi. Nikarekebisha, bado kimya. Kumbe skripti, yaani ile programu yangu ya JavaScript, nimeiweka juu kabisa ya ukurasa, kwa hiyo inakitafuta kitufe kabla kivinjari hakijafika kukisoma. Nikaishusha chini, mwisho wa ukurasa, kitufe kikaitika. Yote hayo konsoli ilikuwa imeyaandika kwa rangi nyekundu tangu siku ya kwanza. Sikuwa najua kuna konsoli, dirisha la kivinjari linaloonyesha makosa ya programu. Kwenye laptopu yangu unabonyeza F12 tu.

Sasa ile milioni tatu. Mtu akiandika idadi kwenye kisanduku, au akichagua mtaa wenye nauli ya 500, JavaScript inapokea maandishi, hata kama ni tarakimu tupu. Ukizidisha, inayageuza kuwa namba yenyewe, haikuulizi. Ndiyo maana 500 mara sita ilitoka 3000 safi, nami nikaamini hesabu iko sawa. Lakini alama ya kujumlisha ina kazi mbili: kujumlisha namba na kuunganisha maneno. Ikikuta upande mmoja ni maandishi, inaunganisha. 3000 ikagandishwa na 500, ikawa 3000500. Dawa yake ni neno moja, Number, unaifungia nauli ndani yake kabla ya kujumlisha. Nilikuja kusoma kwamba Brendan Eich aliunda toleo la kwanza la lugha hii kwa siku kumi, mwaka 1995, pale Netscape. Nikamsamehe, lakini si siku ile.

Kilichonifurahisha zaidi ni saa. Mama mdogo hufunga oda saa nane mchana, na nilitaka ukurasa useme saa kwa Kiswahili, siyo 14:00. Kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunaanzia jua linapochomoza. Unachukua saa ya kompyuta, unaongeza sita, unagawanya kwa 12 na kubakiza salio. Salio likiwa sifuri, unaandika 12. Saa 7 ya asubuhi inatoa 13, salio moja: saa moja. Mstari mmoja, na ulikubali mara ya kwanza. Nilitembea chumbani kama niliyefaulu mtihani wa taifa.

Kisha mteja mmoja aliyeko Muscat akataka kumwagizia mama yake vitumbua. Hapa Tanga ilikuwa saa saba na dakika kumi, ukurasa ukamwambia tumefunga. Akalalamika, na haki yake: ukurasa ulikuwa unasoma saa ya simu yake, na Oman wametutangulia saa moja. Nikaacha kusoma saa ya mahali simu ilipo, nikachukua getUTCHours, amri inayotoa saa ya UTC, ambayo ni moja dunia nzima, nikaongeza tatu za kwetu. Sisi hatusogezi saa kufuata majira, kwa hiyo tatu haibadiliki mwaka mzima. Kwa saa ya Kiswahili tatu na sita zinakuwa tisa, na tisa ndiyo saa za Japani. Kumbe saa ya ukutani Tokyo inasoma sawasawa na tunavyotamka sisi hapa Ngamiani! Nilimweleza mama mdogo, akasema, "Haya, na vitumbua vya watu vimeshatoka?"

Kitufe cha mwisho kinakusanya oda yote na kuifungua WhatsApp ikiwa imeshaandikwa, mteja anabaki kutuma tu. Hicho hakikunisumbua, ni kiungo cha wa.me na maandishi nyuma yake.

Mama mdogo bado anapiga kila jumla upya kwenye kikokotoo chake kabla ya kuwasha jiko. Juzi ameniita pembeni, akauliza kama ukurasa unaweza kumkatalia mtu anayedaiwa, bila yeye kutajwa kuwa ndiye aliyekataa.