Siku moja maishani mwangu: kupima anga kutoka Dar hadi Mwanza

Saa kumi alfajiri naingia kazini, uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Mimi hupanga safari za ndege. Rubani akifika, hukuta nimeshaandaa njia, upepo na mafuta ya kubeba. Yote hayo huanzia kwenye namba moja, umbali.

Saa kumi na nusu, kijana ninayemfundisha kazi ananiamkia, "Shikamoo dada," na kuniwekea karatasi mezani. Dar hadi Mwanza, maili 448. Hapana. Njia hii nimeipanga miaka, ni kama maili 460, na maili zetu ni za baharini, moja ina mita 1,852.

Nachukua penseli. Dar ipo digrii 6 na dakika 52 kusini, 39 na dakika 12 mashariki. Mwanza ipo 2 na 27 kusini, 32 na 56 mashariki. Dakika moja ya latitudo ni maili moja, na ndiyo maana naipenda maili hii. Tofauti ya kaskazini na kusini ni 265, ya mashariki na magharibi 376. Nazidisha kila moja kwa yenyewe, najumlisha, natafuta kipeo cha pili: 460. Kilomita 852.

"Mbona mashine imenipa 448?"

Nayafuata maandishi yake kwa ncha ya penseli. Kaandika 6.52. Dakika 52 si nukta hamsini na mbili, mdogo wangu. Digrii ina dakika 60, kwa hiyo ni 6.87. Kosa dogo hivyo limekula kilomita 22, na mashine haikulalamika. Kwa hiyo kila mwanafunzi wangu lazima kwanza apige hesabu kwa mkono.

Saa kumi na moja, mafuta: ya safari, ya akiba, ya kufika uwanja mbadala endapo Mwanza itafunga. Njia za anga zenyewe hupinda kidogo, kwa hiyo zinaongeza maili chache juu ya zile 460.

Saa nne. Leo upepo unavuma kutoka mashariki kwa noti 20, yaani maili 20 kwa saa. Ndege yetu ya mapangaboi huenda noti 350. Kwenda Mwanza inasukumwa, kama dakika 75 angani, kurudi inapigana nao, 83. Umbali ni uleule, mafuta si yaleyale.

Saa saba, chakula. Nachukua tufe la dunia na uzi, nauvuta kutoka London hadi Los Angeles. Uzi unapita juu ya Greenland! Kijana anashangaa, kwani kwenye ramani ya ukutani njia hiyo ingeonekana kupinda bure. Mistari ya longitudo hubanana kuelekea ncha za dunia: kwetu digrii moja ni karibu maili 60, London ni 37 tu.

Saa nane nakabidhi zamu. Kijana bado ameinamia karatasi, anafanya Dar hadi Songwe, Mbeya, bila mashine. Anapata 377. Anaitazama, anafuta, anapunguza upande wa longitudo, kisha ananigeuzia karatasi.

373.